Maoni: Si kila mchezo wa video wa zamani unapaswa kuingizwa katika 3D

Tangu miaka ya 1990, kompanyi kubwa za michezo ya video zimekuwa zikichukua michezo iliyopendwa na watu na kuihamisha kutoka picha bapa kwenda picha zenye kina. Michezo mingine ilizaliwa upya, mingine ikazikwa. Mara nyingi nguvu ya mashine haikuwa sababu. Sababu ni swali moja ambalo watengenezaji waliuliza, ao walisahau kuuliza.

Katika vyumba vya michezo vya Goma, Bukavu ao Bunia, vijana hulipa franka chache ili washike manete mbele ya televizyo. Wengi wao wanaijua Grand Theft Auto: mji mkubwa, magari, barabara, mchezaji anakwenda anakotaka. Wachache wanajua kwamba mchezo huo ulipotoka mwaka 1997 ulionyesha mji kutoka juu, kama ndege anavyouona. Magari yalikuwa mapaa tu, na watu walikuwa vichwa na mabega. Oktoba 2001, katika Grand Theft Auto III, kamera ilishuka mpaka barabarani, na mchezaji akatembea kati ya majumba kwa mara ya kwanza. Leo karibu hakuna anayedai mtazamo wa zamani urudi.

Mfano huo ndio huwafanya wengi waamini kwamba 3D ni daraja la juu na 2D ni daraja la chini, kwamba mchezo wa picha bapa ni mtoto anayengojea kukua. Imani hiyo imegharimu feza nyingi, imeharibu majina makubwa, na imewafanya vijana wenye kipaji waone haya juu ya kazi ambayo wangeweza kuifanya vizuri.

Kinachobadilika kwa kweli

Picha ya 2D ina urefu na upana. Mhusika huenda mbele, nyuma, juu na chini, kama mchoro kwenye karatasi. Picha ya 3D huongeza kina: kitu kinaweza kuwa karibu ao mbali, na mchezaji anaweza kukizunguka. Ukisikia hivyo, utafikiri ni kuongeza chumba kimoja kwenye nyumba. Lakini msingi wenyewe wa nyumba hubadilika.

Chukua jambo dogo kabisa, kuruka shimo. Kwenye picha bapa mchezaji anaona ukingo huu na ukingo ule, anapima kwa macho, anaruka. Akianguka, anajua kosa ni lake. Kwenye picha yenye kina, shimo lile lile linakuwa fumbo. Ukingo wa pili uko mbali kiasi gani? Mhusika amesimama katikati ya njia ao pembeni? Je, kamera inaangalia upande unaofaa? Ndiyo maana michezo mingi ya 3D huweka kivuli chini ya miguu ya mhusika anaporuka, ili mchezaji ajue atatua wapi. Kivuli hicho ni dawa ya ugonjwa ambao picha bapa haikuwa nao.

Kisha inakuja kamera. Katika 2D hakuna anayeifikiria. Katika 3D lazima mtu aiongoze: mashine, ao mchezaji mwenyewe. Ikiongozwa vibaya, hata mchezo wenye picha nzuri sana unachosha baada ya dakika kumi.

Walioanza na swali

Nintendo ya Japani ilielewa jambo hilo mapema. Super Mario Bros. ilitoka mwaka 1985, na kanuni yake ilikuwa nyepesi: kimbia kuelekea kulia, ruka, fika kwenye nguzo ya bendera kabla muda haujaisha. Super Mario 64 ilipotoka Juni 1996 pamoja na mashine ya Nintendo 64, vitu hivyo vingi vilikuwa vimeondolewa. Saa ya kuhesabu dakika haikuwepo tena. Nguzo ya bendera haikuwepo. Kugusa adui mara moja hakukumaanisha kufa. Badala ya barabara moja inayonyooka, kulikuwa na ngome yenye milango, na nyuma ya milango kulikuwa na ulimwengu 15 ambamo mchezaji hurudi mara kwa mara kutafuta nyota.

Basi kilibaki nini cha Mario? Kilibaki furaha ya kuruka. Kabla ya kujenga ulimwengu huo, timu ya Shigeru Miyamoto ilimjaribu Mario katika nafasi ndogo, akikimbia, akigeuka na kumfukuza sungura, mpaka mwendo wake peke yake ukafurahisha. Sungura huyo angali yumo ndani ya mchezo uliokamilika. Manete nayo ilipewa kijiti kidogo cha kidole gumba, ili mchezaji aweze kutembea polepole ao kukimbia kulingana na anavyokisukuma. Kamera ilipewa hata mwenyewe: Lakitu, adui wa zamani anayekaa juu ya wingu, ndiye anayeibeba, na mchezaji anaonyeshwa hivyo tangu mwanzo. Mtu asiyewahi kusikia neno kamera katika mchezo alielewa mara moja.

Miaka miwili baadaye, Novemba 1998, kompanyi hiyo ilitoa The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Shida yake ilikuwa vita. Katika 2D, kumpiga adui kwa upanga ni rahisi kwa sababu yuko kulia, kushoto, juu ao chini. Katika nafasi yenye kina, upanga hukata hewa. Watengenezaji walikwenda Kyoto kutembelea bustani ya studio ya filamu za zamani, wakaangalia maonyesho ya mapigano ya ninja na samurai. Waliona kwamba mpiganaji mmoja anapozungukwa na wengi, wale wengine hungojea zamu yao. Waliona pia wapiganaji wawili wakizungukana, kila mmoja macho kwa mwenzake. Wakarudi na jibu: mchezaji abonyeze kitufe kimoja, macho ya shujaa yamshike adui mmoja, na kamera iwaweke wote wawili katika picha. Michezo mingi ya mapigano ya leo inatumia njia hiyo ao mtoto wake.

Metroid ilikuwa na safari ngumu zaidi. Super Metroid ya mwaka 1994 ilipendwa sana, kisha jina hilo likanyamaza kwa miaka minane. Iliposikika kwamba studio ya Retro Studios ya Austin, Texas, inatengeneza Metroid Prime, na kwamba mchezaji ataangalia kupitia macho ya Samus mwenyewe, mashabiki wengi waliogopa. Waliona itakuwa michezo ya kupiga risasi kama mingine. Mchezo ulipotoka Novemba 2002, hofu hiyo iliisha. Retro haikuchukua bunduki kama moyo wa Metroid. Ilichukua upweke: mtu mmoja, sayari asiyoijua, milango ambayo haijafunguka bado. Mvua inadondoka kwenye kioo cha kofia, na mwanga mkali ukilipuka, uso wa Samus unaonekana kwa nukta moja ndani ya kioo hicho. Kumbe mtazamo wa jicho uliongeza upweke ule ule uliokuwa tangu mwanzo. Tena, mwezi huo huo Nintendo ilitoa Metroid Fusion, mchezo wa picha bapa, kwa mashine ndogo ya mkononi. Hakuna aliyelazimika kuchagua moja na kuua nyingine.

Prince of Persia inafundisha somo hilo kwa pande zote mbili. Jordan Mechner aliitengeneza mwaka 1989 akitumia filamu za ndugu yake akikimbia na kuruka, ndiyo maana mwana wa mfalme alionekana kuwa na uzito wa mtu wa kweli. Mchezaji alikuwa na dakika 60 za kumaliza kila kitu. Mwaka 1999 ikatoka Prince of Persia 3D. Kina kilikuwepo, lakini mwendo ulikuwa mgumu na kamera ilisumbua, na jina hilo likaanguka. Mwaka 2003 Ubisoft ya Montreal, pamoja na Mechner, ilitoa The Sands of Time. Hapo mchezaji akianguka anaweza kurudisha muda nyuma kwa sekunde chache na kujaribu tena. Mchezo wa kwanza ulikuwa juu ya mwili na muda, na huu nao ulikuwa juu ya mwili na muda, kwa lugha nyingine.

Waliokimbilia soko

Upande wa pili kuna Sonic, mnyama wa buluu wa Sega aliyezaliwa mwaka 1991. Sifa yake ni mbio. Lakini mbio zinaingia vibaya katika 3D. Kwenye mstari mmoja, mchezaji anaona kinachokuja na anajibu. Kwenye uwanja mpana, kwa mwendo ule ule, anapita kila kitu kabla hajakiona, ao anaanguka pembeni. Watengenezaji wanabaki na njia mbili: kuibana njia iwe kama bomba, ao kupunguza mbio. Zote mbili zinamnyang'anya Sonic kitu chake.

Katikati ya miaka ya 1990, kikundi cha Sega huko Marekani kilijaribu kutatua fumbo hilo kupitia Sonic X-treme, kwa ajili ya mashine ya Saturn. Mipango ilibadilika mara kwa mara, wakubwa walitoa amri zilizopingana, na muda ulikuwa mfupi. Wawili kati ya watengenezaji wakuu walifanya kazi mpaka wakaugua vibaya. Mchezo ulifutwa. Saturn ikafa bila kupata mchezo mkuu wa Sonic wa kukimbia na kuruka uliotengenezwa kwa ajili yake.

Sega haikujifunza kabisa. Mwaka 2006, ili kusherehekea miaka 15 ya Sonic, ilitoa mchezo mpya wa 3D kabla haujaiva. Ulijaa makosa ya programu, na mchezaji alingojea muda mrefu kila mara mashine ilipopakia sehemu mpya. Mpaka leo mchezo huo unatajwa kila wanapozungumzia namna ya kuaibisha jina kubwa.

Halafu likatokea jambo ambalo wakuu wa soko hawakulitegemea. Sega iliwapa kazi watengenezaji waliotoka kati ya mashabiki, wakiongozwa na Christian Whitehead wa Australia. Walitengeneza Sonic Mania, iliyotoka mwaka 2017, mchezo wa picha bapa, wa pikseli, kama ule wa zamani. Wachambuzi waliusifu kuliko karibu michezo yote ya Sonic ya miaka mingi iliyotangulia. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Worms pia inafaa kukumbukwa. Katika mchezo huo wa mwaka 1995, minyoo wanapigana kwa mabomu juu ya ardhi inayobomoka. Utamu wote uko katika kupima pembe na upepo, kisha kuona bomu likichora upinde wake. Mwaka 2003 ikatoka Worms 3D. Upinde ule uliosomeka kwa jicho moja ukawa wa kubahatisha, sababu mchezaji hakujua tena umbali. Baada ya miaka michache mfululizo huo ulirudi kwenye picha bapa, na ndiko unakojulikana zaidi.

Feza zinasema nini

Watetezi wa 3D husema kwamba watu wanataka kipya, na kwamba kompanyi isiyosonga mbele inakufa. Hoja hiyo ina uzito. Bila Super Mario 64 na Ocarina of Time, kizazi kizima kingeyaona majina hayo kuwa vitu vya babu zao. Hakuna sanaa inayoishi kwa kurudia tu.

Lakini hesabu za Nintendo yenyewe zinaonyesha kitu kingine. Mwaka 2006 ilitoa New Super Mario Bros. kwa mashine ya DS, mchezo wa kwenda kulia na kuruka, kama ule wa 1985. Uliuzwa zaidi ya kopi milioni 30. Super Mario Galaxy ya mwaka 2007, mchezo wa 3D unaosifiwa duniani kote, uliuzwa zaidi ya kopi milioni 12. Galaxy si mbaya hata kidogo. Ila wako watu wengi, wazazi, watoto, watu waliochoka baada ya kazi, ambao wanataka kuona njia mbele yao na kuruka.

Tena kuna njia ya katikati. Street Fighter IV ya mwaka 2008 iliwachora wapiganaji wake kwa 3D, lakini iliwaacha wapigane kwenye mstari ule ule wa zamani, mmoja kushoto, mwingine kulia. Uso ulikuwa mpya, kanuni ilikuwa ile ile. Mchezo huo uliamsha upya aina nzima ya michezo ya ngumi iliyokuwa imelala. Capcom ilijua kwamba moyo wa Street Fighter ni umbali kati ya watu wawili, na umbali huo unasomeka vizuri zaidi kwenye mstari mmoja.

Kwa nini jambo hili linahusu Kivu

Mtu anaweza kusema kwamba mambo haya ni ya Japani na Marekani. Lakini mashariki ya Kongo inaijua mashine hizi kwa upande mwingine. Tantali inayotolewa katika koltani hutumika kutengeneza vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya telefone, ordinatere na konsoli. Wakaaji wa Masisi na Walikale wanakumbuka mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda ghafula katika soko la dunia, na wanajua nani alifaidika na nani alizika watu wake. Kwa hiyo mbio za kutaka mashine yenye nguvu zaidi kila miaka michache si jambo la wageni peke yao. Wakati mchezo mzuri unaweza kuchezwa kwenye mashine ya zamani, kusema kwamba lazima kununua mpya ni uongo wenye gharama, na sehemu ya gharama hiyo inalipwa hapa.

Tena kuna swali la nani atatengeneza michezo. Mchezo mkubwa wa 3D unahitaji mamia ya wafanyakazi, ordinatere za bei kali na umeme usiokatika. Kijana wa Bukavu ao Lubumbashi anayejifunza kuandika programu kwenye ordinatere ya kuazima, huku umeme ukija na kuondoka, hana vitu hivyo. Akiambiwa kwamba 2D ni kazi ya watoto, atakata tamaa kabla hajaanza.

Kameruni imeonyesha mfano. Studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, chini ya Madiba Olivier, ilitoa mwaka 2016 mchezo wa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, wenye picha bapa zilizochorwa kwa mkono na hadithi ya kiafrika. Walipambana na umeme unaokatika na ukosefu wa mtaji, mpaka wakaomba mchango kwa watu kupitia intaneti na kupata karibu euro 50,000. Mchezo ulitoka, ukachezwa na watu wa mbali. Kama wangesisitiza 3D kwa sababu ya fahari, huenda wangekuwa bado wanangoja.

Karibu zaidi na wasomaji wa lugha hii, Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, ya mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, Abubakar Salim. Alimtengenezea baba yake aliyefariki. Ni hadithi ya kijana mganga anayemfuata mungu wa mauti ili arudishiwe baba yake, imejengwa juu ya masimulizi ya wabantu, na wahusika wake wanaweza kusikika wakisema Kiswahili. Picha zake zina kina, lakini mchezaji anakwenda kushoto na kulia, kama katika michezo ya zamani. Hakuna anayeumaliza mchezo huo akilalamika kwamba huzuni yake ni bapa.

Swali la kuuliza kwanza

Kompanyi zitaendelea kuhamisha majina ya zamani, na si vibaya. Lakini kabla ya kuhamisha, waulize: watu waliupenda mchezo huu kwa sababu gani? Kama ni kwa uhuru wa kutembea, kama Grand Theft Auto, kina kitausaidia. Kama ni kwa upweke na siri, kama Metroid, kinaweza kuusaidia, kwa uvumilivu. Kama ni kwa mbio ao kwa kipimo cha jicho, kama Sonic na Worms, kinaweza kuuvunja, na si aibu kuuacha ulivyo.

Na kijana anayechora mhusika wake wa kwanza kwenye daftari la shule, pikseli kwa pikseli, asione haya. Miyamoto alimfanya Mario apendwe na dunia nzima kwa miaka zaidi ya kumi akiwa bapa kama karatasi hiyo. Kina kilikuja baadaye, wakati mwendo wake ulikuwa tayari umeeleweka.